Mjomba wa Mikanda Anajibu: Mbona Nacheka Watu Wakiuana?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja: filamu za majambazi wa Kiingereza, zile za makoti mazuri, maneno mengi na damu. Sijui nani kawaambukiza. Nimechagua chache. Asiyetaka kutobolewa siri ya hadithi kabla hajaangalia, afunue ukurasa wa mapishi.

SWALI: Mjomba, nakusalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Muheza. Filamu za kuuana sizipendi tangu ujana wangu. Juzi mwanangu alikuja likizo akaniwekea filamu ya Kiingereza ya mwaka 1998, Lock, Stock and Two Smoking Barrels. Humo watu wanapigwa, wanatishiwa kukatwa vidole, na mwishoni maiti zimejaa nyumba nzima. Nami nilicheka mpaka mama watoto akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo najiuliza: hivi nilikuwa nacheka nini? Na mbona sioni aibu?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hujaharibika. Nimekodisha mikanda pale Ngamiani, Tanga, kwa miaka, na waliokuwa wakiirudisha filamu hii huku wanatabasamu ni watu wazima wenye heshima zao, wakiwemo wa msikitini na wa kanisani. Walikuwa wanaiweka mezani kifudifudi, lakini walikuwa wanairudia.

Unacheka kwa sababu wewe unajua na wao hawajui. Hebu niipange hadithi kwa ajili ya ambao hawajaiona. Vijana wanne wa London, Eddy, Tom, Soap na Bacon, wanachanga pauni 100,000 ili Eddy, ambaye ni hodari wa karata, akacheze na mzee mmoja katili aitwaye Hatchet Harry. Harry hachezi, anaiba. Kuna kamera imefichwa inayoziona karata za Eddy, na mtu wa Harry anaangalia na kumpa bosi wake ishara. Eddy anainuka pale akiwa anadaiwa pauni 500,000, na kapewa wiki moja. Akishindwa, vidole vya wote wanne ni halali ya Harry.

Sasa, nyumba ya jirani wanakaa majambazi, nao wanapanga kwenda kuwapora vijana fulani wanaolima bangi ndani ya nyumba. Ukuta ni mwembamba. Akina Eddy wanasikia kila neno, wanakata shauri: waacheni wakaibe, wakirudi tutawaibia wao. Wanafanikiwa! Kisha wanatafuta mnunuzi wa ile bangi, wanapelekewa mtu hatari aitwaye Rory Breaker. Rory anakubali kuinunua, kisha anagundua kwamba bangi ile ni mali yake mwenyewe.

Umeona, Mwalimu? Kuanzia hapo kila mtu anakwenda nyumbani kwa Eddy na hasira zake. Majirani walioibiwa wako ndani wanawasubiri vijana. Rory anaingia na watu wake akidhani waliomo ndani ndio hao vijana. Wanamalizana wao kwa wao, kila upande ukiwa na uhakika unajua unapigana na nani. Vijana wenyewe muda huo wako baa wanasherehekea, na wakirudi nyumbani, hatua kwa hatua, wanakuta hicho walichokikuta. Katika filamu nzima hawa wanne hawaui mtu hata mmoja. Aliyekuwa na habari zote ni mmoja tu, na alikuwa amekaa kwenye kochi huko Muheza.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani limekugusa bila wewe kulitaja. Sisi tuliokuzwa na filamu za Kihindi na za kareti tuna kanuni yetu: steringi hafi. Ukishamjua steringi roho inatulia. Atapigwa, atafungwa kamba, mwisho atamkamata adui mkuu na atamlaza. Katika filamu hii steringi ni nani? Eddy kapoteza pesa za wenzake kwa usiku mmoja. Mtu pekee mwenye msimamo ni Big Chris, mdai madeni wa Harry, anayezunguka na mwanawe mdogo kazini. Mtoto kavaa kama baba, ana uso wa kazi kama baba, na ole wake atakayetoa tusi mbele ya mtoto huyo, hata kama baba mtu kaja pale kwa ajili ya kumvunja mbavu. Huyo ndiye mwenye maadili! Jambazi mmoja anapomwekea kisu mtoto yule, Chris anampiga kwa mlango wa gari, na anaendelea kumpiga. Pale kicheko kinakukatika ghafla. Ukiitazama tena, angalia kama hukunyamaza.

Na utazame pia dakika ile Eddy anapotoka kwenye meza ya karata. Kamera imefungwa mwilini mwake, imemwelekea usoni. Kwa hiyo yeye kabaki palepale katikati ya picha, dunia iliyo nyuma yake ndiyo inayoyumba. Hasemi neno. Rangi ya picha ni kahawia iliyochujuka, kama ilivyo katika filamu nzima, London isiyo na jua hata kidogo. Nimeona filamu nyingi zikijaribu kueleza mtu aliyefilisika anajisikiaje, kwa machozi na vinanda. Hii imetumia shati la jasho na kamera.

Halafu kuna msimulizi. Sauti ya mzee Alan Ford inakuelezea huyu ni nani, yule alimfanya nini nani, inamsengenya mtu hata kabla hajafungua mlango. Wengine wanaweza kuona hilo ni jipya. Sisi tuliokaa kwenye vibanda umiza tukimsikiliza mtafsiri akimpaka adui matope dakika ya kwanza, hatukushangaa sana. Ila mtafsiri wa kwetu hii humpa shida, maana wahusika wenyewe hawanyamazi. Hana pa kuchomekea maneno yake.

Kuhusu aibu: mimi naona aibu kidogo kwa jambo moja, nalo ni wanawake. Humo ni kama hawapo. Mmoja yuko hoi kwenye kochi karibu muda wote, tunamsahau, mpaka anapoinuka na bunduki kubwa kuliko zote. Inachekesha, ndiyo, lakini ndio hao hao, hakuna zaidi.

SWALI: Mjomba mambo. Naendesha bodaboda hapa Mwanza. Mimi kwangu namba moja ni Snatch. Washkaji kijiweni wanasema eti ni ileile ya 1998 imepigwa rangi tu. Amua wewe.

JIBU: Poa, mwanangu. Washkaji wana hoja. Guy Ritchie, mtunzi na mwongozaji wa zote mbili, alirudi mwaka 2000 na mchezo uleule: badala ya bangi ni almasi ya karati 86, badala ya karata ni ndondi za kupangwa matokeo, na Brad Pitt kaingia. Lakini kuna sehemu moja mwanafunzi amempita mwalimu, nayo ni ya maziwa.

Turkish na Tommy, wale jamaa wa ndondi, wako kwenye gari. Tommy anakunywa maziwa ya pakiti. Turkish, ambaye sayansi hakuisoma popote, anaanza kumhutubia kwamba binadamu hakuumbiwa maziwa, mwisho anamnyang'anya pakiti na kuitupa dirishani. Ukiitazama hivyo ni porojo tu za safarini. Kumbe pakiti ile imekwenda kupasuka kwenye kioo cha gari la Bullet-Tooth Tony, mtu anayeogopwa London nzima, na gari limegonga. Ndani ya buti ya gari hilo kulikuwa na Boris, Mrusi waliyemteka. Boris anajitoa na mfuko kichwani, haoni mbele wala nyuma, anasimama barabarani, na gari la tatu linamzoa. Gari hilo ni la wezi wengine watatu walio katika msako uleule wa almasi. Tunaoneshwa ajali hiyo kwa zamu, kila zamu tukiwa ndani ya gari jingine. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejua kwamba chanzo ni maziwa. Wewe wa bodaboda unayejua watu wanavyotupa vitu madirishani, bila shaka ulicheka kwa uchungu.

Na kuna ile ya Tony baa. Wale wezi watatu wanamjia mezani na bastola mkononi. Tony hainuki. Anawasomea maandishi yaliyo ubavuni mwa bastola zao, kwamba ni za bandia, kisha anawaalika wasome yaliyo kwenye ya kwake. Jamaa wananywea huku tunaangalia. Ukitaka kuelewa kwa nini hilo linawezekana Uingereza na Marekani lisingenoga, kumbuka Dunblane, Scotland. Machi 1996 mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata sheria zikawaondolea raia karibu bastola zote, na polisi wengi wa huko wanazunguka mitaani bila bunduki. Kwa hiyo mwizi akichomoa kitu, swali la kwanza ni kama kile kitu ni cha kweli. Ndiyo maana katika filamu hizi bunduki ni jambo la kuazima, la kununua kwa mtu wa wasiwasi, la kushikwa vibaya. Zile bunduki mbili za filamu ya 1998 zilikuwa za kale, za kuwekwa ukutani.

Na Tony mwenyewe unajua alivyokufa. Mtu alilenga mbwa aliyemeza almasi, risasi ikampata yeye. Mteja wangu mmoja aliurudisha mkanda akitaka pesa yake, eti hawezi kulipia filamu ambayo mtu mzito kama yule anauawa kwa ajili ya mbwa. Sikumrudishia.

Brick Top, yule mzee wa miwani mikubwa mwenye nguruwe, ndiye Alan Ford yuleyule msimulizi. Anapoeleza nguruwe wanavyomaliza maiti, hatuoneshwi chochote. Ni maneno tu, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya stendi. Wengi huapa kwamba waliona.

Kuna linaloniudhi. Mickey, anayeigizwa na Pitt, ni wa jamii ya Wasafiri wa Ireland, watu halisi wanaobaguliwa huko mpaka leo, na filamu inachota kicheko kwenye dharau hiyohiyo. Inawalipa mwishoni, maana Mickey anawazidi wote akili. Kila mtu apime.

Hukumu yangu: ya 1998 ilitengenezwa na watu wenye njaa, ya 2000 na watu walioshiba. Mimi napenda yenye njaa. Wewe endelea na yako, hakuna faini.

SWALI: Mjomba, nina kijana wa miaka 13. Amezikuta hizi filamu kwenye simu ya kaka yake na sasa anaongea kama jambazi, anajibu watu kwa mkato. Nimruhusu? Wote wanasema ni vichekesho. Mama wa Chumbageni.

JIBU: Hapana, dada yangu. Huko kwao kwenyewe zote mbili ziliwekewa alama ya miaka 18, na si kwa bahati mbaya. Matusi yake ni mengi kuliko risasi. Kicheko cha filamu hizi kinamtaka mtazamaji ajue kwamba hawa ni wapumbavu. Mtoto wa miaka 13 anaona koti, miwani na jinsi watu wanavyompisha mtu njiani.

Ila usimnyime kabisa. Waingereza walikuwa wakicheka na wezi zamani kabla Ritchie hajazaliwa. Mtafutie The Ladykillers, ile ya 1955. Majambazi watano wanapanga chumba kwa bibi kizee mmoja London, wanajifanya wanamuziki, kumbe wanapanga kuvamia gari la pesa. Bibi anabisha hodi na chai kila wakati. Anapogundua, wanakubaliana auawe, lakini kila anayepewa kazi anashindwa, wanaanza kuondoshana wenyewe mmoja mmoja. Bibi anabaki na pesa zote, na akienda polisi kueleza hawamwamini. Damu huioni, matusi huyasikii, na vifo ni vingi vilevile. Muangalie pamoja. Mwongozaji wa 1998 ni mjukuu wa filamu hiyo, kijana wako akikua ataona mwenyewe.

SWALI: Mimi na shemeji tumebishana. Yule Big Chris ndiye Vinnie Jones wa Wimbledon? Shemeji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Ndiye. Kiungo wa Wimbledon iliyoifunga Liverpool 1–0 fainali ya Kombe la FA mwaka 1988, akachezea pia Leeds na Chelsea, na akawa nahodha wa Wales. Kadi nyekundu 12. Mwaka 1992, akiwa Chelsea, alipewa kadi ya njano katika mechi ya FA dhidi ya Sheffield United sekunde kama tatu hivi baada ya filimbi. Kwa hiyo hakuhitaji kufundishwa kutisha watu, alihitaji kufundishwa kusimama mahali kamera ilipo.

Na mkiendelea kubishana, Jason Statham mnayemjua kwa magari na ngumi alianza hapahapa, akiwa Bacon. Filamu inafunguka akiwa mtaani ananadi bidhaa za wizi, polisi wakitokea anatimua mbio. Kazi hiyo aliijua, kwani kabla ya filamu alikuwa machinga wa London wa vito na manukato. Kabla ya hapo aliiwakilisha England katika kupiga mbizi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1990, Auckland. Mwongozaji hakutafuta sura nzuri, alitafuta watu wanaofahamu kusimama barabarani. Lenny McLean, aliyekuwa Barry mtu wa Harry, alikuwa bondia wa ngumi tupu kwelikweli. Saratani ilimchukua Julai 1998, mwezi mmoja tu kabla filamu haijatoka.

SWALI: Mjomba, naishi London mashariki mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya kulea wazee. Sijaona hata jambazi mmoja mwenye maneno matamu kama wale. Wanatudanganya?

JIBU: Mwanangu, wanakudanganya kidogo, na aliyekudanganya si mtoto wa mtaa wako. Ritchie alipata baba wa kambo baroneti, yaani mwenye cheo cha kurithi cha Kiingereza, tena mwenye jumba kubwa la shamba, ingawa shule yenyewe aliiacha akiwa na miaka 15. Ile ni London aliyoisikia akaipenda.

Ya kweli ilikuwa chafu zaidi. Bila shaka unapita Whitechapel. Pale kuna baa iitwayo Blind Beggar, ambako Machi 1966 jambazi Ronnie Kray alimpiga mtu risasi ya kichwa mbele ya watu. Yeye na pacha wake Reggie walivaa vizuri na walipigwa picha na mpigapicha mkubwa wa mitindo, na mwaka 1969 walifungwa maisha. Hakuna cha kuchekesha hapo.

Lakini upumbavu wa wezi haukutungwa. Agosti 1963 genge liliteka treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London, likabeba zaidi ya pauni milioni 2.6. Wakajificha shambani, na wakiwa huko wakacheza Monopoly, ule mchezo wa ubao wa kununua majumba kwa pesa za karatasi, kwa pesa halisi za wizi. Polisi walizikuta alama za vidole kwenye mchezo huo. Kila anayesimulia hucheka hapo, na wachache humtaja dereva wa treni, Jack Mills, aliyepigwa kichwani na hakupona vizuri tena. Na Pasaka ya 2015, huko huko London, Hatton Garden, wazee walitoboa ukuta wa zege wa hazina ya vito wakaondoka na mali ya mamilioni. Kiongozi wao alikuwa na miaka 76, na siku ya kazi alikwenda kwa basi, kwa kadi ya kusafiri bure ya wazee. Mwenzake mmoja alitumia gari lake mwenyewe, kamera za barabarani zikaliona, ndio ukawa mwisho wao. Kwa kuwa unawalea wazee wa huko, waulize. Wanajua zaidi yangu.

SWALI: Mjomba, mimi na kaka yangu tumewekeana dau la chipsi mayai. Mwisho wa Lock, Stock, Tom ananing'inia darajani. Mimi nasema bunduki zilidondoka mtoni. Kaka anasema alizishika. Nani ale?

JIBU: Kwanza niwaeleze wengine. Zile bunduki za kale, ambazo kila mtu amekuwa akizirusha huku na huko, zinageuka kuwa na thamani ya maelfu kwa mamia ya pauni. Wenzake wanaligundua hilo wakati Tom kashatumwa akazitupe Thames kuondoa ushahidi. Wote wanampigia. Tom kainama nje ya ukingo wa daraja akijaribu kuzisukuma ziingie majini, simu kaibana mdomoni, simu inaita. Inakatika hapo.

Ritchie hakuonesha jibu. Desturi hiyo ya kumwacha mtu hewani ni ya huko huko kwao: The Italian Job ya 1969 inaishia na basi linaninginia ukingoni mwa mlima, wezi upande mmoja, dhahabu upande mwingine. Kwa hiyo anayesema zilidondoka anabuni, na anayesema zilishikwa anabuni. Nunueni sahani moja, mayai matatu, mle wote, na anayelipa ni kaka kwa kuwa ni mkubwa.